Simu Hujuaje Pa Kwenda? Uelekezaji wa Simu Katika Seva

Mada hii ipo ndani ya mawasiliano na mitandao, na watahiniwa wengi huikimbia. Wanajua kuandika kwamba mtandao huunganisha vifaa viwili au zaidi, lakini swali likiuliza ni kitu gani hasa kinachoamua simu iende kwa nani, kalamu inasimama. Karatasi yako ya kompyuta utaijibu kwa Kiingereza. Hapa tunafafanua kwa Kiswahili kwa sababu jambo likishaeleweka, maneno ya kulijibia hupatikana. Soma ukiwa na penseli, maana kuna mahali utatakiwa kuandika namba na kuzifuatilia.

Tuanze na reli. Ukipanda treni stesheni ya Mpanda unakwenda kaskazini mpaka Kaliua. Hapo reli yetu inakutana na Reli ya Kati: upande mmoja Tabora na Dar es Salaam, upande mwingine Kigoma. Behewa lenyewe halijui linakwenda wapi. Kinacholipeleka ni vyuma vya njia panda, kwa jinsi vilivyogeuzwa kabla treni haijafika. Vikigeuzwa vibaya, abiria wa Tabora ataamkia Kigoma, na ukikagua injini, breki na magurudumu hutakuta ubovu wowote.

Simu inasafiri hivyo hivyo. Inaingia kwenye seva ikiwa na mambo matatu: namba iliyopigwa, namba ya aliyepiga, na mlango ilioingilia. Seva inaangalia mambo hayo, inayalinganisha na kanuni ilizoandikiwa, kisha inaipeleka simu kule kanuni inakosema. Kazi hiyo ndiyo inaitwa kuelekeza simu, na orodha ya kanuni hizo huitwa mpango wa upigaji. Zingatia neno "ilizoandikiwa". Seva haikisii wala haioni huruma. Kama njia haikuandikwa, kwa seva njia hiyo haipo.

Kutoka kwa opereta hadi seva

Zamani kazi hii ilifanywa na mtu. Uliinua mkono wa simu, opereta akakuuliza unamtaka nani, akachomeka waya kwenye tundu la huyo unayemtaka. Opereta alikuwa na nguvu kubwa kuliko watu walivyodhani. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa na biashara ya mazishi mjini Kansas City, aligundua kwamba wafiwa wanaomtafuta wanaunganishwa kwa mshindani wake, kwa kuwa opereta alikuwa mke wa mshindani huyo. Iwe kisa hicho ni kweli chote au kimeongezwa chumvi, Strowger alibuni mtambo unaofuata tarakimu anazopiga mteja mwenyewe bila opereta kuingilia kati. Hataza yake ilitolewa mwaka 1891, na kituo cha kwanza cha mtambo huo kilifunguliwa La Porte, jimbo la Indiana, mwaka 1892.

Mitambo iliyofuata ilijaa vyumba vizima. Leo kompyuta ya kawaida inatosha. Mwaka 1999 Mark Spencer, kijana wa Marekani aliyekuwa na kampuni ndogo ya kompyuta, alihitaji mtambo wa simu za ofisi na bei yake ikamshinda. Akaandika programu yake mwenyewe na kuigawa bure pamoja na msimbo wake. Aliiita Asterisk, kwa jina la alama ya nyota (*) iliyopo kwenye vitufe vya simu. Hii ndiyo programu tutakayoitumia kama mfano. Zipo nyingine, lakini ukiielewa moja, hizo nyingine hazitakusumbua. (Na ile alama ya # unayoiita "reli" unapoangalia salio? Katika seva nyingi hutumika kumaanisha "nimemaliza kuandika namba".)

Namba zetu zinavyosomeka

Kabla ya kuandika kanuni hata moja ni lazima ujue namba za nchi yako. Namba kamili ya Tanzania ikipigwa ndani ya nchi ina tarakimu 10 na huanza na 0. Namba za simu za mezani huanza na namba ya eneo: 022 ni Dar es Salaam, 024 Zanzibar, 026 ni pamoja na Dodoma na Tabora, 028 ni pamoja na Mwanza na Kigoma. Katavi ipo kwenye 025 pamoja na Rukwa na Mbeya, na si ajabu, kwa kuwa mpaka mwaka 2012 tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Kwa hiyo ile treni ya Mpanda inatoka eneo la 025, inaingia 026 ikiwa Kaliua, na anayebadili kwenda Kigoma anaishia 028.

Namba za mkononi huanza na 06 au 07. Ukipiga namba ya Tanzania kutoka nje ya nchi, ile 0 ya mwanzo inaondolewa na mahali pake panawekwa 255. Ukipiga nje ukiwa Tanzania unaanza na 000.

Halafu zipo namba fupi, nazo usizipite haraka: 112 kwa polisi na dharura, 113 TAKUKURU, 114 Zimamoto na Uokoaji, 116 huduma ya simu kwa mtoto. Tutazirudia, kwa sababu kosa la hatari kuliko yote katika kupanga simu za taasisi linaanzia hapa.

Shule ya mfano

Tuchukue shule ya bweni ya kufikirika, nje kidogo ya Manispaa ya Mpanda. Wanafunzi wake wanatoka Inyonga, Usevya, Karema na Mishamo, wazazi wako mbali, na barabara za masika unazijua mwenyewe. Kwa mzazi wa Karema anayetaka kujua hali ya binti yake aliyelazwa chumba cha wagonjwa, simu ndiyo safari yenyewe.

Shule imenunua kompyuta moja ya kuwa seva, simu za mezani tisa, na laini mbili za nje. Kila simu ya mezani inapewa namba ya ndani. Mtu asiye makini ataanza na 101, 102, 103 na kuendelea, maana zinapendeza. Sasa hesabu. Shule ikiongeza simu, ya kumi na mbili inakuwa 112. Ya kumi na nne inakuwa 114. Tuseme hiyo ya 114 imewekwa stoo. Usiku moto unazuka bwenini, mwanafunzi anakimbilia simu ya ukutani, anakumbuka somo la Uraia, anapiga 114. Seva inatekeleza ilichoandikiwa: simu inalia stoo, gizani, kwenye magunia ya mahindi. Moto wa bweni si hadithi katika nchi hii, kwa hiyo usilione jambo hili kuwa dogo.

Basi namba za ndani zisianze na 1. Zisianze na 0, kwa sababu 0 ni mlango wa nje. Ni vizuri pia zisianze na 2, zisije zikagongana na 255. Shule yetu itatumia 4: mkuu wa shule 401, makamu wake 402, katibu muhtasi 403, mhasibu 404, chumba cha wagonjwa 405, matroni 406, patroni 407, mlinzi getini 408, jikoni 409.

Kuandika kanuni

Katika Asterisk kila kanuni ina sehemu tatu: namba, hatua na kazi. Namba ni ile iliyopigwa. Hatua ni mpangilio wa utekelezaji: 1, kisha 2, kisha 3. Kazi ni kitu ambacho seva inatakiwa kufanya, kwa mfano kupokea simu, kucheza sauti iliyorekodiwa, kuliza simu fulani kwa sekunde kadhaa, au kukata. Kwa hiyo kanuni ya 405 kwa maneno yetu itasomeka hivi:

405, hatua ya 1: liza simu ya chumba cha wagonjwa kwa sekunde 20.
405, hatua ya 2: kama hakuna aliyepokea, liza simu ya matroni kwa sekunde 20.
405, hatua ya 3: kama bado kimya, liza simu ya getini.

Kuandika kanuni moja moja kwa namba tisa za ndani kunawezekana. Lakini huwezi kuandika kila namba ya simu iliyopo Tanzania. Ndiyo maana kuna ruwaza, yaani umbo la namba. Ruwaza katika Asterisk huanza na kistari cha chini (_), kisha herufi zinazosimama badala ya tarakimu. X ni tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9. Z ni yoyote kuanzia 1 hadi 9. N ni kuanzia 2 hadi 9. Nukta mwishoni maana yake ni "na chochote kinachofuata, kimoja au zaidi".

Sasa chukua penseli. Ruwaza _4XX inakubali 400 hadi 499, yaani namba zetu zote za ndani na nafasi ya kuongeza. Ruwaza _0ZXXXXXXXX inakubali 0, kisha tarakimu isiyo 0, kisha tarakimu nane. Hesabu: jumla ni 10. Ndiyo namba yoyote kamili ya Tanzania, ya mezani au ya mkononi. Jiulize kwa nini tumetumia Z na siyo X mahali pa pili. Tungeweka X, namba ya nje ya nchi inayoanza na 000 ingeweza kupenya kupitia kanuni ya simu za ndani ya nchi. Herufi moja inatenganisha simu ya Sumbawanga na simu ya bara jingine ambayo shule haikuwa na bajeti nayo. Simu za nje ya nchi zitakuwa na ruwaza yake, _000X., na shule yetu itairuhusu kwa simu ya mkuu wa shule peke yake.

Kuna umbo jingine ambalo wengi hulisahau. Simu ya mzazi ikiingia, namba yake inaweza kuonekana kwenye kioo ikiwa imeanza na 255 badala ya 0. Katibu muhtasi akikuta simu ambayo haikupokelewa akabonyeza kuirudia, seva inapata namba ya tarakimu 12 inayoanza na 255. Haifanani na _4XX. Haifanani na _0ZXXXXXXXX. Hakuna kanuni, kwa hiyo hakuna simu, na katibu muhtasi atalalamika kwamba "mtandao unasumbua". Mtandao hauna kosa. Unahitaji ruwaza _255ZXXXXXXXX yenye maelekezo mawili: kata tarakimu tatu za mwanzo, weka 0, kisha toa simu nje. Kukata na kuongeza tarakimu namna hii ni sehemu ya kawaida kabisa ya uelekezaji.

Kanuni mbili zikifanana na namba moja

Hapa ndipo mtihani unapopenda kukaa. Namba 112 imeandikwa kama ilivyo, na mtu mwingine ameandika ruwaza _1XX inayokata simu. Ukipiga 112, ipi inashinda?

Jibu linategemea programu. Asterisk inachagua iliyo mahususi zaidi: namba iliyoandikwa kamili huishinda ruwaza, na ruwaza yenye uwezekano mchache huishinda yenye uwezekano mwingi. Haijali ipi imeandikwa juu. Programu nyingine nyingi husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayofanana. Kwa hizo, ukiweka kanuni pana juu na kanuni ya dharura chini, ya dharura haitasomwa kamwe, hata ukiiandika kwa herufi za dhahabu.

Ruwaza ya kuogopa ni _X. Yaani tarakimu yoyote na chochote kinachofuata. Inameza kila kitu. Fundi aliyechoka huiweka ili "simu zipite tu". Zinapita kweli, pamoja na zile ambazo hazikutakiwa kupita.

Vyumba na milango

Tumesema simu inaingia ikiwa na namba iliyopigwa, namba ya aliyepiga, na mlango ilioingilia. Wanafunzi hukumbuka mawili ya mwanzo na kusahau mlango. Huo ndio unaolinda taasisi.

Fikiria mpango wa upigaji kama nyumba yenye vyumba. Kila chumba kina kanuni zake ukutani, na simu iliyo ndani ya chumba inaona kanuni za chumba hicho tu. Simu kutoka laini ya nje inaingia chumba cha wageni. Simu za ofisi zinaingia chumba cha watumishi. Simu ya ukutani ya bwenini inaingia chumba cha wanafunzi. Ukutani mwa chumba cha wageni pameandikwa tu namna ya kufikia namba za ndani. Mwa watumishi pameandikwa namba za ndani, namba za Tanzania na dharura. Mwa wanafunzi pameandikwa namba za ndani chache, pamoja na 112, 114 na 116. Namba hizo za dharura ziwepo katika kila chumba ambacho binadamu aliyeko shuleni anaweza kupiga simu kutoka humo, hata getini.

Kosa kubwa ni kuandika kanuni za kupiga nje kwenye chumba cha wageni. Maana yake ni nini? Mtu asiyejulikana, aliye popote duniani, anaingia kupitia mlango wa nje na kutoka tena kwa laini ya shule kwenda nchi ya mbali yenye gharama kubwa. Wezi wa aina hii wanatumia programu zinazojaribu seva moja baada ya nyingine usiku kucha, hasa zile zenye nywila kama 1234 au nywila inayofanana na namba ya ndani. Hawahitaji kufika Mpanda. Asubuhi shule inakuta salio limekwisha au ankara imekuja. Kinga zake zinajulikana: nywila ndefu kwa kila simu, chumba cha wageni kisicho na njia ya kutokea nje, kikomo cha matumizi kwa siku, na kuzuia simu za nje ya nchi kama hazihitajiki.

Saa ya seva si saa ya ukutani

Shule inataka simu za mchana zipokelewe na katibu muhtasi, na za usiku ziende kwa matroni. Kwa hiyo tunaweka kanuni ya wakati: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, simu iende 403, nje ya hapo iende 406.

Kuwa mwangalifu sana hapa wewe unayehesabu saa kwa Kiswahili. Seva haijui kwamba kwetu siku inaanza jua likichomoza. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane, saa 24. Ukiiandikia 1:30 hadi 9:30 itafungua ofisi saa 7:30 usiku na kuifunga saa 3:30 asubuhi, na katikati ya siku ya kazi itawapeleka wazazi wote kwa matroni. Uandishi sahihi ni 07:30 hadi 15:30.

Mtego wa pili ni ukanda wa saa. Seva nyingi zikisakinishwa huwa zimewekwa saa ya kimataifa ya Greenwich, nayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Ukiiacha hivyo, kanuni yako sahihi ya 07:30 hadi 15:30 itafanya kazi kuanzia saa 4:30 asubuhi hadi saa 12:30 jioni kwa saa za Mpanda. Kabla ya kulaumu kanuni, tazama saa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waanze na swali hilo kila wakati: seva inadhani sasa hivi ni saa ngapi?

Sauti ya "bonyeza 1"

Umewahi kuisikia ukipiga huduma kwa wateja: bonyeza 1 kwa jambo hili, 2 kwa lile. Hiyo ni menyu ya sauti, na kwa seva ni chumba kingine tu ambamo namba za kupigwa ni 1, 2 na 3. Katika Asterisk hapo huongezwa kanuni mbili maalumu: moja hupewa herufi i, kwa mpigaji aliyebonyeza kisichokuwepo, nyingine herufi t, kwa aliyekaa kimya mpaka muda ukaisha.

Hizo mbili ndizo zinazoonyesha kama mpangaji aliwafikiria watu wake. Mzee wa Usevya anaweza asielewe anatakiwa abonyeze nini, au vitufe vya simu yake vimefutika. Ukiandika t iwe "kata simu", umemfungia mlango mtu aliyepiga kwa shida yake. Andika t iende kwa katibu muhtasi mchana na kwa matroni usiku. Na menyu iwe fupi. Kwa shule, maoni yangu ni chaguo tatu tu: 1 kwa mwanafunzi mgonjwa, 2 kwa ada, 3 kwa mambo mengine. Mgonjwa awe wa kwanza, kwa sababu mwenye haraka asisubirishwe kusikia habari za ada.

Mnyororo wa simu, na laini isiyotosha

Simu nyingi zinaweza kulizwa pamoja kama kundi, atakayewahi apokee. Au zikalizwa moja baada ya nyingine. Kwa chumba cha wagonjwa usiku napendelea kundi: matroni, patroni na getini zilie pamoja. Kwa ofisi ya mhasibu, moja baada ya nyingine inatosha.

Chunga mzunguko. Matroni anakwenda likizo, anaelekeza simu zake kwa patroni. Patroni naye, bila kujua, ameelekeza zake kwa matroni. Simu itazunguka kati ya 406 na 407 mpaka mpigaji akate tamaa, au mpaka seva ilemewe kama haikuwekewa kikomo. Kila mnyororo lazima uwe na mwisho unaojulikana, ama mtu, ama kinasa ujumbe.

Na kuna jambo ambalo halionekani kwenye kanuni kabisa. Shule inaamua kwamba usiku, simu ikikosa mpokeaji, ielekezwe kwenye simu ya mkononi ya mwalimu wa zamu. Wazo zuri. Lakini simu ya mzazi imeingia kupitia laini ya nje na imeishikilia. Ili kumfikia mwalimu kwenye simu ya mkononi, seva inahitaji laini nyingine ya kutokea. Shule yenye laini moja itaandika kanuni sahihi kwa kila herufi na bado simu haitamfikia mwalimu. Ndiyo sababu shule yetu ya mfano ilipewa laini mbili tangu mwanzo. Umeme nao ni hivyo hivyo: betri ya akiba iwepo kwa seva na pia kwa kifaa cha intaneti, maana seva iliyo hai nyuma ya kifaa kilichozimika haipokei chochote.

Simu itokee laini ipi?

Miaka ya nyuma ofisi nyingi zilipanga simu zinazotoka kwa kuangalia tarakimu tatu za mwanzo: 075 na 076 zitoke kwa laini ya Vodacom, 068 na 078 kwa Airtel, 065 na 071 kwa Tigo (siku hizi Yas), 062 kwa Halotel, 073 kwa TTCL. Lengo lilikuwa kupunguza gharama, kwa kuwa kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu. Ni mfano mzuri wa ruwaza na unafaa kuuandika kwenye jibu lako.

Ila ongeza hili, litakutofautisha na wengine. Tangu Machi 2017 mteja nchini Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Namba ya 075 inaweza leo kuwa kwenye mtandao mwingine kabisa. Tarakimu za mwanzo zinakueleza namba ilizaliwa wapi, hazikuelezi inaishi wapi. Simu itafika tu, kwa sababu makampuni yenyewe hutafuta mahali namba ilipohamia. Kinachoharibika ni hesabu yako ya gharama. Ndiyo maana taasisi nyingi sasa huona bora kifurushi cha mitandao yote kuliko orodha ndefu ya tarakimu.

Onyo moja la kisheria. Vifaa vya kuunganisha laini za simu na seva ni halali kwa matumizi ya taasisi yenyewe, laini zikiwa zimesajiliwa kwa jina lake. Kuvitumia kupokea simu za kimataifa kwa njia ya intaneti na kuziingiza nchini zikijifanya za ndani ni kosa la jinai, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huwafuatilia wanaofanya hivyo.

Maswali ya kujipima

1. Shule ya mfano inaongeza simu ya maktaba. Fundi anapendekeza namba 116. Toa sababu moja ya kumkatalia, kisha pendekeza namba inayofaa.

2. Eleza kwa nini ruwaza _0ZXXXXXXXX haiwezi kukubali namba inayoanza na 000. Kisha taja namba gani zitakubaliwa kimakosa ikiandikwa _0X.

3. Wazazi wanalalamika kwamba wakipiga saa 2 asubuhi siku ya Jumatano, simu inapokelewa na matroni badala ya katibu muhtasi. Kanuni imeandikwa 07:30 hadi 15:30, Jumatatu hadi Ijumaa. Kanuni haina kosa. Tatizo liko wapi, na utalithibitishaje? (Dokezo: badili saa 2 asubuhi kuwa saa 24, kisha toa 3.)

4. Chora vyumba vitatu vya shule ya mfano: wageni, watumishi, wanafunzi. Ndani ya kila kimoja andika namba au ruwaza zinazoruhusiwa. Chini ya mchoro eleza kitakachotokea ukihamishia _000X. chumba cha wageni.

5. Mzazi wa Karema anapiga saa 8 usiku. Anasikia menyu, hajui la kubonyeza, anakaa kimya. Andika hatua zote ambazo simu yake itapitia mpaka ipokelewe na mtu, ukitaja namba ya ndani na idadi ya sekunde kwa kila hatua.